Gurudumu lina kipenyo sm 70, mwendo km 1.1, linazunguka mara ngapi? Mimi na binti yangu tumepata majibu mawili tofauti na yote siyo

mama_wa_saba

Wakuu habari za jioni. Naomba msaada kwa wanaojua hesabu, nina binti yuko darasa la saba na jana tumekaa na swali moja mpaka saa nne na nusu usiku bila kuelewana. Swali linasema hivi: gurudumu la baiskeli lina kipenyo cha sm 70, je, litazunguka mara ngapi katika mwendo wa km 1.1? Tumia pai = 22/7.

Yeye kapata 250, mimi nikapata 28 na vipointi, tukafungua nyuma ya kitabu jibu ni 500.

Alivyofanya yeye, amechukua 2 × 22/7 × 70 akapata 440, ile km 1.1 akaigeuza kuwa sm 110,000 akagawa kwa 440. Mimi nilichokumbuka tangu shule ni ile ya pai mara nusu kipenyo mara nusu kipenyo, nusu ya 70 ni 35, kwahiyo 22/7 × 35 × 35 = 3,850, nikagawa 110,000 kwa 3,850 ikaja 28.57. Nilijua hapohapo kuna shida maana baiskeli haiwezi kumaliza zaidi ya kilometa moja kwa mizunguko 28, ila sikujua nimepotelea wapi.

Jibu ninalo, kwahiyo siombi jibu. Naomba namna ya kumweleza aone mwenyewe kwa macho, kwa sababu nikimwambia tu "tumia kanuni hii" kesho swali likigeuzwa kidogo anapotea tena. Halafu kuna la pili, wakati tunafunga daftari akaniuliza, mama kwani baiskeli yangu inazunguka mara ngapi mpaka shuleni? Ni Phoenix ya 28 aliyoachiwa na babu yake. Nikamwambia tutahesabu Jumamosi, sasa hiyo 28 sijui hata ni 28 ya nini.

mwl_chaki

Dada yangu hongera kwa kukaa na mtoto mpaka muda huo. Nafundisha hisabati shule ya msingi na hayo makosa mawili ndiyo nakutana nayo kila mwaka kwenye madaftari, kwahiyo msijione mko peke yenu.

La binti kwanza. Kanuni anaijua vizuri, 2 × pai × nusu kipenyo ni sahihi kabisa, ila swali limempa kipenyo, yaani upana wa gurudumu zima kutoka ukingo mmoja kupita katikati mpaka ukingo wa pili, na yeye kaiweka 70 mahali pa nusu kipenyo. Nusu kipenyo ni 35, kwahiyo 2 × 22/7 × 35 = 220. Au aende moja kwa moja pai × kipenyo, 22/7 × 70 = 220, hiyo 2 haihitajiki tena. Na angalia, 250 yake ni nusu kamili ya 500. Kwenye hesabu za duara ukiona jibu la mtoto ni nusu au ni mara mbili ya jibu la kitabu, kimbilia hapo kwanza, kachanganya kipenyo na nusu kipenyo. Kwenye maswali ya kuchagua hiyo 250 huwa imewekwa makusudi inamsubiri.

La kwako wewe umetafuta eneo. Ile pai mara nusu kipenyo mara nusu kipenyo inajibu swali la bati, yaani ukitaka kukata bati la duara la kuziba gurudumu zima utahitaji sentimeta za mraba ngapi. Barabara haina habari na bati hilo. Barabara inakutana na ukingo wa tairi tu, kwahiyo tunachotaka ni mzingo, ule uzi wa kuzungushia nje.

Sasa kumwonyesha. Kesho asubuhi tokeni nje na baiskeli, chaki na uzi, tafuteni mahali pa saruji. Piga mstari wa chaki kwenye tairi pale linapogusa chini, na chini hapohapo piga mstari mwingine. Asukume baiskeli taratibu huku anaiangalia ile alama ya kwenye tairi, itaondoka chini, itapanda, itapita juu, itashuka mbele, ikigusa chini tena asimame hapo na apige mstari wa pili. Halafu mchukue uzi, muuzungushe kwenye tairi kuanzia alama mpaka ukutane tena na alama, mkate, muunyooshe chini kati ya ile mistari miwili. Vitalingana. Muache aushike ule uzi mwenyewe na ncha zake azibane chini kwa vidole, kwa sababu hapo ndipo anapoona kwamba gurudumu likizunguka mara moja limetandika mzingo wake wote chini, likizunguka mara ya pili limetandika mwingine mbele yake, linaenda linatandika hivyo mpaka njia iishe. Akishaona hivyo, "litazunguka mara ngapi" inakuwa ni lile swali alilofanya tangu darasa la tatu, kamba ya mita 12 ukikata vipande vya mita 2 unapata vingapi. Anagawa.

Umbali km 1.1 ni mita 1,100, ambazo ni sm 110,000. Mzingo sm 220. 110,000 ÷ 220 = 500. Au abadilishe mzingo uwe mita 2.2 halafu 1,100 ÷ 2.2, ni hiyo hiyo 500. Asigawe tu mita kwa sentimeta, na dawa yake ni kuandika kipimo pembeni ya kila namba, hata kama anaona ni kupoteza muda.

fundi_njiti_shy

mama shikamoo, mie ni fundi baiskeli hapa shinyanga mwaka wa 19 huu, naomba nijibu la phoenix. hiyo 28 ni inchi, na ni upana wa tairi kwa nje likiwa limejaa upepo, sio wa ringi. wengi wanaweka tepu kwenye ringi wanapata kama sm 64 wanasema nimeuziwa baiskeli feki sio 28, hapana, ringi ndivyo ilivyo.

chungulia ubavuni mwa tairi utakuta 28 x 1 1/2 na jirani yake mara nyingi kuna namba 40-635. hiyo 635 ni milimita za ringi pale tairi linapokalia, 40 ni unene wa tairi. sasa tairi liko juu na liko chini kwahiyo 635 ongeza 40 ongeza 40 unapata 715, yaani sm 71 na nusu. ndio maana vitabu vinapenda sm 70, aliyetunga aliangalia baiskeli hizi hizi za kwetu akachukua namba inayogawanyika kwa 7. ukizidisha 71.5 kwa 22/7 unapata kama sm 224 na kitu.

lakini hiyo ni tairi jipya halina mtu juu. mtu akipanda tairi linabonyea pale chini, kutoka ekseli mpaka ardhini panapungua, kwahiyo kila mzunguko unakuwa mfupi kidogo kuliko uzi ulioupima baiskeli ikiwa tupu. upepo ukiwa kidogo linabonyea zaidi. kwahiyo mkitaka kujua ya shuleni kweli jazeni upepo, mtoto apande, mtu mwingine amshikilie, valvu ya gurudumu la mbele iwe chini kabisa, pigeni alama chini ya valvu. aende polepole amenyooka mizunguko 10, valvu ikirudi chini mara ya kumi asimame pigeni alama nyingine, pimeni urefu wote mgawe kwa 10. msipime mzunguko mmoja, kwa sababu valvu kuikadiria iko chini kabisa unaweza kukosea sm 2 au 3, ukigawa kwa kumi kosa linakuwa dogo sana.

na asihesabu pedeli. pedeli ikizunguka mara moja gurudumu linakuwa limeshazunguka zaidi ya mara mbili, mfano meno 44 mbele na 18 nyuma ni 44 gawa kwa 18, mara 2.44. niliwahi kubishana na mteja kwa hilo nusu saa nzima.

kijana_form2

Shikamoo mwalimu. Naomba kuuliza, sisi sekondari tumeambiwa tutumie 3.14 kwa sababu 22/7 ni ya kukadiria tu. Nimefanya na 3.14 nimepata mzingo 219.8 na jibu 500.45. Sasa lipi ni sahihi zaidi?

mwl_chaki

Marahaba mwanangu. Zote mbili ni za kukadiria, pai yenyewe ni 3.14159 na inaendelea bila kuisha. Sasa linganisha mwenyewe: 22/7 ni 3.14286, imezidi kwa 0.00126 hivi. 3.14 imepungua kwa 0.00159. Kwahiyo hiyo 22/7 unayoambiwa ni ya watoto ndiyo iko karibu zaidi na ukweli. Kwenye kilometa moja 22/7 inakukosesha kama sm 40, 3.14 inakukosesha kama nusu mita. Kwa baiskeli hakuna atakayeona tofauti, upepo wa tairi peke yake unakukosesha zaidi ya hapo.

Ya kutumia ni ile swali iliyokwambia. Likinyamaza angalia namba, ukiona 7, 14, 21, 35, 42, 70 tumia 22/7 kwa sababu zitakatana, ukiona 10, 20, 50 basi 3.14 ndiyo nyepesi.

Na kwa kuwa upo sekondari nakuachia la kugeuza, gurudumu limezunguka mara 350 likaenda mita 770, nusu kipenyo chake ni sm ngapi?

kijana_form2

770 ÷ 350 = mita 2.2, ni sm 220. Halafu 220 ÷ 2 ÷ 22/7 = 35. Ni sm 35. Kumbe ni gurudumu lile lile la swali.

mzee_wa_hesabu_tanga

Mimi nina mawazo tofauti kidogo na naomba msinielewe vibaya. Mtoto yuko darasa la saba, mtihani uko mbele, swali linataka 500. Mkianza kumwambia tairi linabonyea, mara valvu, mara upepo, mtamchanganya ataingia chumba cha mtihani anafikiria upepo. Kanuni ni moja, mara = umbali gawa kwa mzingo, afanye maswali 20 ya hivyo mpaka mkono uzoee.

mwl_chaki

Mzee wangu nakuheshimu na hayo maswali 20 naunga mkono ayafanye. Ila nimeshasahihisha madaftari ya watoto waliofanya maswali 20 wakapata yote, la 21 likaulizwa kwa kugeuza, gurudumu limezunguka mara kadhaa tafuta umbali, wakagawa badala ya kuzidisha kwa sababu mkono umezoea kugawa. Aliyeshika uzi hagawi hapo, anajua ana vipande 500 vya mita 2.2 na anataka urefu wa vyote. Nusu saa ya chaki haimchelewi na mtihani.

dereva_wa_njia_kuu

Niwaongezee kwa upande wa magari maana hii hesabu watu wengi wanaiona ya shule wakati inaendesha gari lako kila siku. Gari halijui limekwenda kilometa ngapi, kinachojulikana ni gurudumu au gia imezunguka mara ngapi, na kiwandani waliweka kwamba mizunguko kadhaa ni kilometa moja kwa tairi la saizi fulani. Ukibadilisha saizi ya tairi spidometa inaendelea kuhesabu kama zamani, haijui.

Chukua tairi la 195/65R15 ambalo magari madogo mengi wanatumia. 195 ni upana kwa milimita, 65 ni asilimia, yaani kimo cha ubavu ni asilimia 65 ya 195, ambayo ni milimita 126.75, na 15 ni inchi za rimu. Rimu 15 × 25.4 = 381, ongeza ubavu wa juu na wa chini 253.5, jumla 634.5. Hicho ndicho kipenyo. Mara pai unapata milimita 1,993, karibu mita 2 kamili, kwahiyo kilometa moja ni mizunguko kama 502.

Sasa mtu anataka gari linyanyuke kwa ajili ya barabara mbovu anafunga 205/70R15. Ubavu unakuwa 143.5, mara mbili 287, ongeza 381 ni 668. Mzingo milimita 2,099 hivi. Gari likizunguka zile 502 halijaenda kilometa moja tena, limeenda kilometa 1.05. Mshale ukionyesha 80 wewe uko 84. Spidometa nyingi kutoka kiwandani zinasoma juu kidogo kwahiyo kuna kaakiba, ila ukiweka tairi kubwa hako kaakiba unakala. Kijijini kwenye kibao cha 50 unapita mshale ukiwa 50 kwa amani, gari lipo 52 na nusu, tochi haitaki maelezo. Mimi nimefunguliwa macho na hilo baada ya kulipa faini na kubishana na nafsi yangu wiki nzima.

Kitu kingine mwambie mtoto, hesabu hii inakubali tu kama tairi halitelezi. Masika gari likikwama kwenye tope tairi linajizungusha hapohapo mara 100 na hujaenda hata hatua, na ukikanyaga breki ghafla likafunga, linaburuzika bila kuzunguka. Kwenye vitabu wanachukulia halitelezi hata kama hawasemi.

mbio_za_asubuhi_iten

Habari zenu ndugu zangu wa TZ, mimi niko huku Iten Kenya, hesabu tulifunzwa kwa Kizungu lakini nimefurahia sana huu mjadala kwa sababu hio kazi ya gurudumu nimeiona kwa macho yangu. Barabara za marathoni zinapimwa na baiskeli. Si gari, si simu, ni baiskeli, mpaka leo.

Niliwahi saidia jamaa mmoja kupima njia ya mbio, mimi nilikuwa nazuia magari tu. Baiskeli yake iko na kamashine kadogo kwa gurudumu la mbele, kanahesabu, na gurudumu likizunguka mara moja kanasonga zaidi ya namba 20, kwahiyo kila namba ni chini ya sm 10 za barabara. Sasa kitu ilinishangaza, huyo jamaa hakupima kipenyo hata mara moja, pai hakuitumia kabisa. Kwanza alitandika tepu ya chuma kwa lami iliyonyooka, zaidi ya mita 300, akaweka misumari mwanzo na mwisho, halafu akaendesha hapo mara nne akiandika kila mara mashine imehesabu ngapi. Kutoka hapo anajua kilometa moja kwa hio baiskeli, na yeye akiwa juu, na upepo wa hio asubuhi, ni namba ngapi. Ndio anaenda kupima njia yenyewe. Akimaliza anarudi kwa ile misumari anaendesha tena mara nne, kwa sababu jua likiwaka upepo wa tairi unapanuka, gurudumu linakuwa kubwa kidogo na linazunguka mara chache kwa umbali ule ule.

Na kwa kona hapiti katikati ya barabara, anapita njia fupi kabisa kama sm 30 kutoka kwa ukingo, vile mkimbiaji mjanja atapita. Mwisho anaongeza mita 1 kwa kila mita 1,000, ndio njia isikuwe fupi hata kidogo. Kwa marathoni ya km 42.195 hio ni kama mita 42. Mtu akivunja rekodi halafu ipatikane njia ilikuwa fupi, jasho lake lote linaenda bure, mimi nakimbia na najua hio uchungu ni gani.

Kwahiyo huyo fundi wa Shinyanga anasema ukweli, mizunguko 10 na mtoto akiwa juu. Ni njia hio hio.

msomaji_wa_usiku

Mbio za asubuhi umenikumbusha kitu. Hii ya kuhesabu mizunguko ni ya zamani sana, Vitruvius, mhandisi wa Roma wa karne ya 1 kabla ya Kristo, ameeleza gari la kukokotwa lenye gurudumu la mzingo wa futi 12 na nusu za Kirumi. Likizunguka mara 400 ni futi 5,000, na hiyo ndiyo maili moja yao. Wakaunganisha na gurudumu lenye meno 400, kila mzunguko mmoja linasogezwa jino moja, meno 400 yakiisha kijiwe kimoja kinadondoka kwenye chombo cha shaba kwa sauti ya kusikika. Ukifika unahesabu vijiwe, ndizo maili zako. Mama, binti akihesabu mpaka shuleni atapoteza hesabu njiani, mwambie awe na vijiwe.

mama_wa_saba

Wakuu nimerudi, samahani kwa kuchelewa nilitaka tufanye kwanza ndipo niandike.

Ijumaa jioni tumefanya ya chaki na uzi ya mwalimu kwenye saruji ya mbele ya duka la jirani. Uzi tulioukata ulilala kati ya mistari miwili, ukazidi kama upana wa kidole. Binti akauangalia, akaurudisha tena kwenye tairi, akaunyoosha tena chini, mara tatu, halafu akasema "kwahiyo 70 ilikuwa hii" akiweka mkono kutoka juu ya gurudumu mpaka chini, "sio hii" akaweka kutoka kwenye ekseli mpaka chini. Sikumwambia mimi. Akaingia ndani akaandika upya swali lote na hakuniita.

Jumamosi tumefanya ya fundi. Tumejaza upepo, yeye juu, kaka yake kamshikilia, mimi na tepu ya fundi ujenzi ya mita 5. Ubavuni kweli imeandikwa 28 x 1 1/2. Mizunguko 10 imetoka mita 22 na sm 20. Mara ya kwanza tulipata 22.4 ila alikuwa anayumba, fundi kasema anyooke kwahiyo tukarudia, mara mbili zilizofuata zikatoka 22.2 zote. Kwahiyo mzunguko mmoja mita 2.22, na uzi wa baiskeli tupu ulikuwa 2.24, ndio ule upana wa kidole.

Halafu tukaenda shuleni, yeye anaendesha polepole mimi natembea nyuma. Tulifunga kitambaa chekundu kwenye njiti ya gurudumu la mbele, kila kikipita chini anahesabu. Badala ya vijiwe tulitumia punje za mahindi, mfuko wa kulia wa sketi kaweka 10, kila akifika 100 anahamisha punje moja kwenda mfuko wa kushoto na kuanza 1 tena. Kwenye mteremko wa daraja aliendesha haraka kitambaa kikawa hakionekani vizuri, nikamwambia arudi juu ashuke tena akiwa anasukuma. Tulipofika kwenye geti la shule mfuko wa kushoto una punje 6 na mdomoni alikuwa na 18. Mizunguko 618.

618 × 2.22 = mita 1,371.96. Amekaa chini pale getini akazidisha mwenyewe kwa kalamu mgongoni mwa daftari, akasema mama ni kilometa 1 na mita 372, na ningetumia ya kitabu 2.2 ningepata 1,359.6, tofauti ni mita 12 na kitu. Akaniuliza hizo mita 12 zimeenda wapi. Nikamwambia ni zile sm 2 za kila mzunguko, mara 618. Akazidisha, 0.02 × 618 = 12.36, zikalingana kabisa mpaka sentimeta ya mwisho.

Mzee wa Tanga, yale maswali 20 ameanza leo, amefanya 9 na amekosa moja, alisahau kugeuza km kuwa mita. Mwalimu, fundi, dereva, kaka wa Iten na wote, ahsanteni sana. Fundi marahaba, na swali la mwisho kwako, tairi la nyuma limelika sana katikati, binti anauliza likibadilishwa likawekwa jipya mizunguko ya mpaka shuleni itaongezeka au itapungua?

fundi_njiti_shy

mama kama anahesabu kwa gurudumu la mbele ya nyuma haimhusu, itabaki 618. ila ya nyuma yenyewe ikiwekwa mpya itazunguka mara chache zaidi kwa sababu limenenepa, kila mzunguko unatandika zaidi. lililolika milimita 3 kipenyo kimepungua milimita 6, mzingo umepungua karibu sm 2. abadilishe halafu afunge kitambaa nyuma ahesabu tena, aniambie kapata ngapi